Folda za Harusi Zilizokataa Kuhama

Haitham, mwanangu,

Umeondoka baada ya sala ya Ijumaa kwenda Makunduchi kumuaga bibi yako, na najua hatakuachia mpaka ule kila alichopika, kwa hiyo nina muda. Kesho wakati huu utakuwa umeshafika Dar es Salaam. Mambo ya kula, ya kufua, ya kuchagua wa kukaa nao chumba, sitayaandika. Dada yako ameshakujazia simu kwa maagizo hayo na wewe huyasomi. Mimi nimekaa dukani, mbele ya hii kompyuta iliyonitoa roho wiki nzima, na ninakuandikia kwa sababu nikikwambia kwa mdomo nitapiga kelele, na wewe utaniambia "Sawa mama, sawa mama", ile sawa yako ninayoijua.

Nimechoka na wewe. Nianze na hilo lisije likanikaa kooni. Nakupenda, na nimechoka na wewe, na nimechoka na nafsi yangu zaidi, na sababu ya hili la pili utaiona ukisoma mpaka mwisho. Nakuomba usome mpaka mwisho, kwa sababu ugonjwa wako mkubwa ni kusoma neno la kwanza na kudhani umeelewa.

Umekulia ndani ya duka hili. Ulitambaa kwenye hii sakafu, ukalala chini ya meza ya kukatia filamu. Lakini sikumbuki hata siku moja uliyoniuliza kazi yangu hasa ni nini. Watu wakiniuliza husema napiga video za harusi, lakini anayepiga video za harusi ni Khamis: nikaha msikitini, wanaume na kanzu zao, wazee wakisubiri biriani. Mimi naingia kule ambako Khamis haingii. Naingia chumba ambamo bibi harusi anasingwa, somo wake, yule mwanamke anayemfunda, akimsugua mwili kwa singo ya manukato, naingia kwenye ngoma ya wanawake, ambako simu zote zinakusanywa mlangoni kwenye kapu na mama mmoja mkali anakaa nalo mapajani usiku kucha. Watu mia wameacha simu zao kwenye kapu, na kamera inayobaki ndani ni moja, yangu mimi. Wanawake wamevua mabuibui, wamefungua nywele, wanacheza na kucheka kwa namna ambayo waume zao wenyewe hawajawahi kuiona. Na hakuna anayeniuliza, "Bi Maryam, hizo picha zinakwenda wapi?" Hawaulizi kwa sababu wananijua.

Hiyo ndiyo kazi yangu, kujulikana. Kamera kila mtu anayo siku hizi.

Sasa kompyuta ya zamani ilipoanza kukoroma na kujizima, mimi ndiye niliyekwambia, kabla hujaondoka nihamishie kila kitu kwenye diski mpya. Ulifurahi. Ulisema hutahamisha kwa mkono kama mtu wa kale, utaandika skripti, amri chache tu, nayo itahamisha folda zote yenyewe huku sisi tunakunywa chai. Nikakaa nyuma yako kwa fahari. Nilimwambia hata muuza kahawa wa pembeni kwamba mwanangu anaiandikia kompyuta barua nayo inatii.

Ukaiendesha. Mistari myekundu ikaanza kushuka kwenye skrini, mingi, mpaka nikauliza kama ni damu. Na mwisho kabisa, chini ya wekundu wote ule, ikaandika kwa rangi ya kijani: Imekamilika.

Nilikuuliza, "Mbona nyekundu nyingi hivi?"

"Hayo maonyo tu, mama. Si unaona yenyewe inasema imekamilika?"

Baadaye ndipo nilipojua kwamba neno lile uliliandika mwenyewe mwishoni mwa skripti yako, na lingetokea hata kama duka lingeungua. Imekamilika nini, Haitham? Nilipofungua diski mpya nilikuta harusi za wanaume zimehama zote isipokuwa moja, zimejipanga vizuri mwaka kwa mwaka. Za wanawake hata moja haikuwemo. Ndiyo ile mistari myekundu: kila folda yangu ilipoguswa, kompyuta ilijibu kwamba ruhusa imekataliwa. Na haikusema hivyo tu. Ilisema folda ipi, na ilikuwa inakwambia yenyewe wapi pa kutazama. Wewe ulisoma "imekataliwa" ukaona umetukanwa.

Kuanzia hapo ikawa ugomvi kati yako na mashine. Kwanza ukasema labda kuna faili limefunguliwa mahali. Hilo lilikuwa wazo zuri, nakupa haki yako, maana kweli Khamis alikuwa na video ya ile harusi moja ya wanaume iliyobaki, ameifungua upande wake anaikata, na alipoifunga, folda ile moja ikahama. Lakini badala ya kujiuliza mbona zile nyingine hazikuhama, ukapata moto. Ukazima kompyuta ukaiwasha. Ukazima ile programu inayokamata virusi. Ukabadilisha majina ya folda zangu ukisema kompyuta haipendi nafasi kati ya maneno, mpaka "Harusi ya Salma Mbweni" ikawa neno moja refu lisilosomeka. Kila ukibadilisha kitu unaiendesha tena skripti ile ile yote, juu ya folda zote, halafu unagonga meza. Nikakwambia, "Jaribu kwa moja kwanza, tena iliyo tupu." Ukanitazama kama nimekwambia ufue pazia. Mimi nisiyejua kuandika hata mstari mmoja wa amri nimepika maisha yangu yote, na nikipika kitu nisichokijua napika kidogo kwanza.

Siku ya tatu ndipo ulipotazama kitu ambacho ungekitazama siku ya kwanza: folda hizi ni za nani. Kompyuta ikakuonyesha kwamba mwenyewe hana jina, ni safu ndefu ya nambari tu. Ukacheka, ukasema zina mzimu.

Si mzimu, ni Mwanaasha. Unamkumbuka, msichana aliyenisaidia kabla hujaingia chuo, mpole, mwembamba, aliyeolewa akaenda Pemba. Yeye ndiye aliyeziweka kufuli zile. Nilimwambia nataka folda za wanawake zisifunguliwe na mtu isipokuwa mimi na yeye, hata Khamis, hata mwanangu. Akaziweka kwa akaunti yake. Alipoolewa, mimi kwa akili zangu nikaifuta akaunti yake kwenye kompyuta kama mtu anavyofuta jina la mfanyakazi mlangoni. Nikawa nimemfuta mwenye ufunguo na kufuli likabaki. Hilo ni kosa langu, si lako. Mimi nilikuwa nazifungua kwa akaunti yangu bila taabu, kwa hiyo sikujua. Lakini skripti yako ilikuwa inakwenda kwa jina lako wewe, na kwa jina lako zile folda hazikuwa na habari na wewe.

Ungemtafuta Mwanaasha kwa simu, angekwambia utumie akaunti yangu, na mambo yangeishia pale. Nilikwambia hivyo. Ulinijibu, nakumbuka neno kwa neno maana nilikuwa na sufuria ya maziwa mkononi: "Mama, sina haja ya kumuuliza mtu. Mimi ntachukua umiliki wa zote, nfungulie kila mtu, tumalize."

Na mimi nikakujibu nini? Nikakujibu, "Fanya unavyofanya, mradi ziondoke."

Nayarudia maneno hayo kila ninapofunga macho. Mimi ambaye nimekataa kuwapa waume picha za wake zao wenyewe mpaka mke aje kwa mguu wake kuzichukua. Mimi niliyemfukuza kaka wa bibi harusi mmoja mlangoni hapa akiapa kwamba katumwa. Nilichoka tu, Haitham. Maziwa yalikuwa yanataka kumwagika, wewe ulikuwa unagonga meza, kompyuta inakoroma, na nikasema mradi ziondoke. Nimejifunza juzi tu, na umri wangu huu, kwamba sikuwahi kuikaribia aibu kwa tamaa wala kwa ubaya. Niliikaribia kwa kuchoka.

Ukazifungua kwa kila mtu. Skripti ikaenda, nyekundu hata moja hakuna, na safari hii Imekamilika ilikuwa ya kweli. Ukanibusu kichwani. Nikakukaangia samaki.

Asubuhi ya Jumatano nilikuja dukani nikamkuta Khamis amesimama nje, uchochoroni, mgongo ukutani. Mlango uko wazi, feni inazunguka, yeye hataki kuingia. Nilidhani kuna msiba.

"Khamis!"

"Naam, Bi Maryam."

"Mbona umesimama nje?"

Hakunitazama. "Ingia mwenyewe. Kuna vitu kwenye kompyuta yangu si vyangu kuvitazama. Nlifungua ile diski mpya ntoe kazi ya jana, zikaanza kujitokeza picha ndogo ndogo. Nshazima skrini. Sikugusa kitu, Wallahi."

Yule mtu ana mke na watoto na amefanya kazi na mimi tangu wewe una meno ya maziwa. Alikuwa amesimama uchochoroni kama mwizi, wakati hakuiba kitu. Niliingia nikawasha skrini, nikaziona: wanawake wangu wote, mwaka baada ya mwaka, wazi, kwenye kompyuta ya chumba cha mbele ambako wateja hukaa kusubiri picha za pasipoti. Nilivuta waya ukutani kwa mkono, bila kuzima, bila chochote.

Ulipokuja na usingizi wako usoni ukasema kosa ni la diski. Kwamba ulidhani folda zikihama zitahama na kufuli zao. Nilimpigia Mwanaasha mwenyewe, nikamweka kwenye spika, na yeye huko Pemba na mtoto analia pembeni alikwambia taratibu: folda ikihamia chumba kingine ndani ya diski ile ile huenda na kufuli lake, lakini ikihamia diski nyingine huliacha kufuli nyuma, inachukua sheria za huko inakokwenda. Na huko ilikokwenda, wewe mwenyewe ulikuwa umeshaweka sheria kwamba kila mtu aruhusiwe, ili Khamis asisumbuke. Kwa hiyo ulizifungua mara mbili, zilipotoka na zilipofika. Hata usingezifungua zilipotoka, huko zilikofika wangeziona.

Nakubali kwamba siku ile ulifanya kazi vizuri. Uliitoa diski kwenye mtandao wa duka kwanza. Ukatengeneza folda tupu, ukaifungia kwa jina langu, ukamwita Khamis ajaribu kuifungua akakataliwa, ukajaribu kwa jina lako nawe ukakataliwa, ndipo kwa akaunti yangu ukaanza kuhamisha harusi moja, ukatazama, kisha ya pili. Ukaibadilisha skripti ili ikikutana na kosa isimame pale pale na kusema kosa lenyewe, na lile neno lako la kijani ukalifuta. Hukugonga meza hata mara moja. Nilikutazama nikasema moyoni, kumbe anaweza, basi mbona ananitesa?

Halafu kwenye chakula cha mchana ukaacha kula. Ukasema, bila kuulizwa na mtu, "Mama, mimi nlifungua moja."

"Moja ya nini?"

"Video. Ile ya Salma, ya Mbweni. Ndiyo ilokuwa ya mwisho kukataa. Nlitaka kuona kama imefika nzima, inacheza. Nliona mikono ya somo inapaka singo, na bega la mtu. Sikuona uso. Nikafunga."

Niliondoka mezani nikaenda kuosha sahani ambazo zilikuwa safi. Ulidhani nimekasirika, na kweli nilikasirika. Sasa nakwambia na lile lingine ambalo sikuliweza siku ile: kama usingelisema, nisingelijua kamwe. Ningekwenda kwa watu nikaapa kwamba mwanangu hakuona kitu, na ningeapa uongo kwa moyo mweupe. Umeniokoa na hilo. Asante. Nimeandika asante huku nimekunja uso, lakini ni asante.

Jana nilikwenda Mbweni. Niliporudi uliniuliza imekuwaje nikakwambia kula chakula chako. Haya, hivi ndivyo ilivyokuwa.

Unajua kwamba mdogo wake Salma anaolewa mwezi ujao, na Bi Rukia mama yao alishaniambia kamera ni yangu. Ile ni nyumba ambayo wanawake wengine wanaitazama. Ikiniita, wananiita. Ikinikataa, hakuna atakayenitukana, hakuna atakayekuja kugomba hapa. Simu tu zitaacha kulia. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno. Nilikuwa nimekariri habari za diski na sheria za diski, na akaunti iliyofutwa, na Mwanaasha. Nilikuwa nimeipanga vizuri sana, mpaka nilipofika kwenye geti lao ilikuwa imeshakuwa hadithi ambayo ndani yake hakuna mtu aliyekosa.

Bi Rukia alinikaribisha chumba cha ndani, akaniletea juisi ya ukwaju. Nikaanza: diski, ruhusa, akaunti. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyomsikiliza fundi wa friji. Nilipovuta pumzi akaniuliza swali moja.

"Nani kaona?"

Maneno yangu yote ya kompyuta yakaishia hapo. Nikasema, "Khamis kaona picha ndogo ndogo za nje, akazima. Na mwanangu kafungua ya Salma, kidogo. Kaona mikono ya somo na bega. Hakuona uso."

Bi Rukia akaweka gilasi chini. Hakupandisha sauti. Angepandisha ingekuwa nafuu. Akamwita Salma, ambaye kumbe alikuwa amekuja kukaa kwa mama yake, karibu anajifungua. Salma akaja taratibu, mkono kiunoni, akanipa shikamoo kama kawaida, nami nikaitikia marahaba. Mama yake akasema, "Mwambie na yeye. Ni zake."

Nikasema tena, mara ya pili, mbele ya mwenyewe. Mara ya pili ni nzito zaidi, Haitham, usidhani inakuwa nyepesi.

Salma akaniuliza kitu nisichokitarajia. Sikutarajia kwa sababu nilikuja nimejiandaa kukutetea wewe, sikujiandaa kujitetea mimi.

"Bi Maryam, mie nshachukua picha zangu kwako zamani. Wewe ulikuwa umekaa nazo za nini?"

Za nini. Huwa nawaambia wanawake wote: ukishachukua zako, mimi nafuta. Nawaambia kwa mdomo huu. Na miaka mingi sasa sijafuta hata moja. Siku moja, wewe mdogo, alikuja mama mmoja hapa analia, nyumba yake imeingia maji ya mvua na video ya harusi yake imeharibika, na ndani yake alikuwemo mama yake aliyekwisha kufa, anacheza. Nilikuwa nimeshaifuta. Tangu siku ile nikajiambia sitafuta tena, nitawawekea, ipo siku watanishukuru. Niliona ni wema. Nikaufungia wema huo kufuli, nikaendelea kuwaambia nimefuta. Hakuna aliyeniruhusu, Haitham. Nilikugombeza wiki nzima kwa kujipa ruhusa usiyopewa, na mimi nimejipa yangu miaka yote hiyo.

Nikamwambia Salma kweli yote, na ya yule mama wa mafuriko.

Akasema, "Ungeniuliza. Pengine ningekwambia kaa nazo."

Bi Rukia alitaka kusema neno, Salma akamshika mkono. Akaniuliza kuhusu wewe. "Mwanao kasema mwenyewe, au ulimshika?"

"Kasema mwenyewe."

"Hukumuuliza?"

"Sikumuuliza. Tulikuwa tunakula."

Akatikisa kichwa kidogo. Sijui alikuwa anakubali au anakataa. Akauliza tena unakwenda kufanya kazi gani Dar es Salaam, maana mama yake alimwambia unaondoka. Nikasema, kwa ile fahari ya mama ambayo haijui hata wakati wa kunyamaza, kwamba umepata kazi hospitali, kitengo cha kompyuta, utatunza kumbukumbu zote za wagonjwa. Salma akauvuta mtandio juu ya bega, lile bega, na akasema polepole, bila ubaya wowote:

"Basi huko wanawake hawatajua hata kama yupo."

Nilirudi na maneno hayo kutoka Mbweni mpaka nyumbani, na ndiyo maana nilikwambia kula chakula chako.

Kuhusu mimi, mambo yako hivi. Salma ameniambia nimletee zake kwenye diski ndogo kisha nifute mbele yake, nami nitakwenda keshokutwa. Kwa wengine nitakwenda mlango kwa mlango, Mpendae, Mbweni, hapa mjini, kila mmoja nimuulize: nikae nazo au nifute? Watakaonifungia mlango watanifungia. Habari ya harusi ya mdogo wake Salma, Bi Rukia hakuniambia njoo wala hakuniambia usije. Alinisindikiza mpaka getini, akasema, "Tutaona, Bi Maryam." Unamjua Bi Rukia, tutaona yake haitabiriki. Nitasubiri simu, na isipolia nitajua, na hutasikia nikikulaumu wewe, kwa sababu lile swali la Salma lilikuwa langu.

Lakini hili la kwako siwezi kukujibia. Hapa kompyuta ilikukatalia siku tatu, ukaichukia, ukaiita mbovu. Ilikuwa na kiburi kile kwa sababu msichana mmoja mwembamba aliwahi kuiambia kwamba ndani ya folda hizi kuna watu. Kule hakuna kitakachokukatalia. Siku ya kwanza watakupa ruhusa zote kwenye karatasi, na paswedi, na meza, na mtu wa kukuonyesha choo kiko wapi. Utaweza kufungua kila mwanamke aliyelala katika hospitali ile: anaumwa nini, kampoteza mtoto gani, alimficha nini mumewe. Utakuwa na sababu nzuri kila mara. Utakuwa unajaribu kama faili limefika zima. Utakuwa umechoka na mtu anakusubiri, na pengine atakuwepo mkubwa wako mwenye sufuria yake ya maziwa, atakwambia fanya unavyofanya, mradi ziondoke. Na hutakuwa na mama wa kumwambia mezani, wala wao hawatakuwa na Bi Maryam wa kwenda kugonga mlangoni kwao.

Sijui mtu anafanyaje hapo. Ningejua ningekwambia. Mimi mwenyewe, na kapu la simu mlangoni na wanawake wote wananitazama usoni, sikuweza.

Nasikia adhana ya alasiri, na Khamis ananiuliza kama afunge upande wake. Bado hajaigusa ile diski mpya, anaizunguka tu. Barua hii nitaitia ndani ya begi lako, kwenye mfuko wa pembeni, na najua utaisoma kwenye boti kwa sababu simu yako itakuwa imeisha chaji. Usinipigie kuniambia sawa mama. Salma atajifungua, nitakwenda kumpa hongera, na ataniuliza tena habari zako, namjua, ataniuliza. Nataka nimjibu nikiwa namtazama usoni.

Mama yako,
Maryam